Cherehani Ziliponyamaza

Juzi maktabani nilimwona msichana akimsomea mama yake aliyekuwa akifuma sweta. Nikakumbuka alasiri moja kule Nyamirambo, katika chumba cha kikundi cha ushonaji cha mama, kilichonukia vitenge vipya na mafuta ya cherehani. Niliwasomea kitabu cha maktaba kwa kupaza sauti, ili nizishinde cherehani. Sungura alipoingia pangoni mwa chui, cherehani zote zikanyamaza. Nilidhani nimesoma vibaya, nikafunga kitabu huku machozi yakinilenga.

“Wewe mtoto,” akasema Mama Zuhura, mguu wake umetulia juu ya pedali, “unafunga kitabu na sungura bado yuko ndani? Gauni la bibi harusi halishonwi mpaka atoke.”

Nikakifungua. Safari hii sikuhitaji kupaza sauti.