Abee, Baba

Miaka ile ya Ujamaa, katika nyumba ya wazee wasiojiweza huko Temeke, nesi Jovina alikuwa na mazoea yake. Mzee aliyekaribia kukata roho akimwita bintiye, Jovina huitika, "Abee, baba." Alishakuwa Asumini, Margareta, hata Atuganile. Uongo, ndiyo, lakini binti mwenyewe yuko wapi? Mwanzoni ilimpa raha kuwaona wakifa wametulia. Sasa aliitika kama anayefukuza nzi.

Siku moja Mzee Albano, aliyemaliza nguvu zake kwenye mashamba ya mkonge, alimshika mkono.

"Mie sikujaliwa mtoto wa kumwita," alisema. "Wewe hasa unaitwa nani, mwanangu?"

Jovina alifumbua mdomo, jina lisije. Lilipokuja, mkono ule ulikuwa umeshapoa.