Mfuko Niliokabidhiwa Kwenye Sherehe ya Kuaga

Jamani, hebu nisaidieni mawazo.

Leo mabosi wangu wamefanya sherehe ya kuaga hapa nyumbani kwao, mtaa wa Al Thumama, Doha. Baba mwenye nyumba ni mwanajeshi. Wamekaa Doha mwaka mmoja, sasa amehamishiwa India, na kesho familia nzima inaondoka.

Mwaka huo wote mtoto wao nimemlea mimi.

Watu walipomaliza kula, madamu akaniita sebuleni. Akanikabidhi mfuko mzuri umefungwa utepe.

"Zuhura ni ndugu yetu kabisa," akawaambia wageni.

Wakapiga makofi. Mimi machozi yananilenga!

Mgeni mmoja, mke wa mwanajeshi mwenzao, akasema, "Fungua basi tuone!"

"Atafungua baadaye," madamu akadakia.

Nilikuwa nimeshafungua.

Sabuni iliyotumika, imegandwa na nywele.
Mswaki wa mumewe.
Kopo la jamu limeota ukungu.

Yaani kasafisha bafu na friji, takataka akazifungia utepe!

Yule mgeni akaziba pua.

Nikamrudishia madamu mfuko wake. "Madamu, kama mimi ni ndugu, huu mpe dada yako wa tumbo moja."

Hakunyoosha mkono. Mumewe ndiye aliyeupokea, akaupeleka mwenyewe kwenye pipa la nje, na hakurudi ndani mpaka wageni walipoanza kuondoka.

Sasa hivi madamu ananigongea mlango. Anataka kesho niwasindikize uwanja wa ndege, eti mtoto hatulii bila mimi.

Mtoto nampenda, hana kosa. Lakini kukaa gari moja na mama yake?

Nyie mngeenda?