Kaka yangu anawadhulumu majirani kwa kipimo cha miwa nilichomtumia

Admin, nisitiri jina. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, Mtanzania, naishi Columbus, Marekani, mtaa wa Northland, na mume na mtoto mmoja. Nilikuja kusoma, nikasomea njia za haraka za kupima utamu wa miwa shambani, mkulima ajue imekomaa kabla hajaikata. Kwetu kijiji kizima ni miwa. Ndiyo maana mwaka jana nilimtumia kaka yangu kipimo cha mkononi: unadondosha tone la maji ya muwa, unachungulia, unasoma namba. Nikamwambia awapimie majirani bure.

Juzi kanipigia mama mmoja jirani, mjane aliyenibeba mgongoni utotoni. Alikuwa ananishukuru. Eti kipimo changu kimeonyesha miwa yake haina utamu, kiwanda cha sukari kingeikataa, ndipo kaka akamwonea huruma akainunua yote shambani kwa bei ya kutupa. Nikamuuliza alipimaje.

"Alikata kule juu karibu na majani, mwanangu, akakamua."

Muwa hata ukomae vipi, kileleni utamu ni hafifu. Unapima chini, katikati na juu. Kaka anajua, nilimfundisha mwenyewe kwa video. Nikaulizia kijijini, kumbe miwa ileile kaipeleka kiwandani kwa jina lake, ikapokelewa vizuri tu. Wala si ya mjane peke yake.

Nilipompigia hata hakukana. Akasema nisijifanye mtakatifu, mimi nakula maisha Marekani, yeye ndiye aliyebaki kwenye matope. Nikampigia mama yetu mzazi nikidhani atamkemea. Kumbe anajua. Akanijibu taratibu, "Ukimwaibisha mwanangu, nikifa usije kunizika."

Dada yetu anayeishi Louisville, hukuhuku Marekani, anasema ninyamaze, mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Nyumbani kwa nani? Baba alipofariki, yule mjane ndiye aliyelala na sisi msibani. Mume wangu ni dereva wa lori, kanipigia kutoka Buffalo kasema hawezi kuniamulia, mama ni wangu. Mimi kazini, ghalani, nabamiza maboksi kwa hasira mpaka supavaiza ananiuliza kama niko sawa. Siko sawa!

Sasa Jumamosi wakulima wana mkutano. Mwenyekiti wao ameniomba nipige simu, waiweke spika, wanishukuru wote kwa pamoja. Nikisema ukweli, nampoteza mama. Nikipokea shukrani zao, nina tofauti gani na kaka?

Ndugu zangu, msinionee haya, nipeni neno. Simu ikishapokelewa, niwaambie nini wale watu?