Foleni Imepungua, Mgonjwa Ametolewa

Wewe ukipigiwa na namba usiyoijua, uambiwe usome namba ya kitambulisho chako, si utakata? Mimi hukata, na matusi juu.

Juzi nilimpeleka shosho, nyanya yangu, kliniki, hospitali moja pale Upper Hill. Graduate asiye na kazi ndiye messenger wa ukoo mzima. Mbele yetu kwenye kaunta alikuwa mama mmoja wa Uthiru, amekuja kuuliza mumewe atafanyiwa lini operesheni ya moyo.

"Jina lake halipo kwenye foleni," akasema dada wa kaunta. "Tulipiga simu kuconfirm, mkakataa."

"Mimi? Nikatae mzee wangu atibiwe?"

Dada akasoma kwenye kompyuta, uso mkavu: "'Mwambie askari wa jela akurudishe ndani.' Si ni wewe ulisema hivyo?"

Mama akafunika mdomo kwa leso. "Woi! Nilidhani ni wale wakora wa jela wanaoibia watu kwa simu! Mliniuliza ID kabla hata ya salamu!"

"Pole, mum. Ukikataa, system inakutoa. Itabidi aanze upya, nyuma kabisa."

"Aanze upya na moyo gani?"

Dada akaita anayefuata. Ukutani nyuma ya dada, bango lilijisifu kwamba foleni ya upasuaji imepungua. Shosho akaliangalia, akaninong'oneza: "Kumbe hivi ndivyo wanaipunguza?"

Sasa nyinyi wakubwa wa hospitali, mrudisheni huyo mzee kwenye nafasi yake leo, kabla moyo haujasimama.