Mkono wa Motere kwenye Mkokoteni

Mambo yote yalitugharimu baiskeli mbili, mbuzi mmoja mwenye mimba, na kaka yangu. Nimehesabu tena. Ni hivyo hivyo.

Kaka alikuwa mtu wa boti, pale Baraka, mji wa ziwani. Vita vya pili vya nchi yetu vilipofika ziwani na boti yake ikachukuliwa na watu wenye bunduki, tulipanda hadi kijiji cha Lubondja kulima muhogo. Huko wanaume waliteremsha mizigo kwa mikokoteni ya mbao waliyojitengenezea, na siku ya soko walishindana mteremkoni, maana wa kwanza kufika ndiye aliyechagua mahali pa kuuzia.

Ubishi wote ulikuwa juu ya ekseli ya mbele. Wengine waliigeuza kwa kamba mbili, wengine kwa miguu, wengine walifunga usukani wa baiskeli. Kaka aliisogeza mbele urefu wa mkono mzima, ili mkokoteni unyooke ukikimbia. Akaitoboa katikati, akaishikiza kwa buloni, bolti moja nene ya chuma, kisha akaifungia mti mrefu unaorudi nyuma hadi kwa dereva, kama mkono wa motere, ile injini ya nyuma ya boti. Ukitaka kwenda kushoto, unasukuma mti kulia.

"Yaya, mvua ikinyesha, hii boti yako itaelea?" wenzake wakamuuliza, wakimwita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Mutaona mugongo yake tu."

Mimi, mtu wa baiskeli na biashara, nilimsihi afunge usukani kama watu wengine.

"We iko na hesabu, mi niko na mukono," akasema. "Na mukono yangu inajua hivi."

Baiskeli zetu tuliziuza tukapata magurudumu. Buloni ilifuliwa na fundi chuma wa kijiji kutoka springi ya lori. Alitaka mbuzi wawili. Nikampa mmoja mwenye mimba, nikamwambia ahesabu vizuri. Akacheka, akapokea. Kaka alishinda masoko matano, ukiweka na lile alilokimbia peke yake.

Asubuhi moja ngiri aliyokuwa nayo tumboni siku nyingi ikajifunga. Tumbo likawa gumu kama ubao. Muuguzi akasema apasuliwe kwenye hospitali ya Nundu, kule chini, siku hiyo hiyo. Risasi zilikuwa zinasikika upande wa milimani, na wenye mikokoteni wote walikuwa wamekimbilia porini. Tukamlaza juu ya mkokoteni wake mwenyewe. Mke wake akafuata nyuma kwa miguu, na furushi la nguo. Mti nikaushika mimi.

Paliponyooka nilikwenda vizuri. Kisha ikaja kona ya kushoto, juu ya kijito, na mkono wangu wa baiskeli ukaenda kushoto. Mkokoteni ukaenda kulia, ukaingia korongoni. Buloni ilikatika kwenye mawe, baada ya kuanguka, si kabla.

Shemeji alipotufikia, alimshika mume wake, halafu akaona chuma kilichokatika.

"Ule fundi alituuzia chuma ya bovu," akasema. "Shemeji, si ndiyo?"

Mimi ambaye sijawahi kukubali bei ya kwanza, ile niliikubali.

Tulimbeba kwa machela ya matawi. Nundu tulifika kesho yake, naye alikuwa amekwisha kukata roho njiani. Daktari aliuliza tu, "Mulichelewa wapi?" Shemeji akajibu kwa niaba yangu: buloni.

Tangu hapo shemeji hamsalimii fundi. Wamama wa kanisani kwake walisikia, wakaacha kumpelekea fundi majembe, na mwishowe moto wake ukazimwa. Sasa ni mzee, amelala kitandani, anatuma watu waulize kama mjane yule atakuja kumwona kabla hajafa. Shemeji anakataa. Kila Jumapili ananiletea ugali na samaki, akisema mimi ndiye niliyejaribu, na mimi ninakula.

Ninyi mliosoma hadi hapa, nishaurini: nianzie kwa shemeji, au kwa fundi? Msichukue muda mrefu. Wanasema fundi hali chakula tena.