Sindano za Pumzi

Pumzi hakujua kukaa kitako. Jina hilo alipewa na wakimbiaji wenzake enzi zake, kwa vile wengine walipokuwa wakitweta kilimani, yeye alikuwa bado anapiga soga. Miguu ilipochoka akawa fundi wa kubandika soli za viatu vya mbio, pale pale chumba cha mbele cha nyumba yake. Hata gundi haisubiri ikauke. Anabonyeza, anaachia, anabonyeza tena, halafu anailaumu gundi.

Siku hiyo alirudi kutoka hospitali kwa miguu, maana basi aliliona linajikokota. Huko aliambiwa uvimbe wake wa tumboni ni saratani. Daktari, mama mmoja mpole, alimuuliza kama aliwahi kutumia homoni. Pumzi akamtajia zote: za kukuza misuli, za kuongeza damu, miaka nenda miaka rudi.

"Ndizo zimenipa?"

"Siwezi kusema ndiyo, mzee wangu, na siwezi kusema hapana. Homoni hizo huchochea seli zikue. Zikikuta seli mbovu, huenda nayo zikaichochea. Bado hatuna hakika. Nyumbani kuna mwingine anayetumia?"

"Hakuna," akajibu.

Uongo mtupu! Binti yake ni mkimbiaji. Dawa huletewa na kocha, lakini anayemdunga ni yeye, baba mzazi, kila wiki baada ya mazoezi, eti asije akachomwa na sindano chafu. Aliona huo ndio ulezi.

Alipofika, binti alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, fulana ameikunja juu ya kitovu, kichupa mkononi.

"Baba, umechelewa. Nichome basi, mbio ni Jumapili."

Pumzi akamweleza yote, huku akizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Binti akalia, akamshika mkono. Kisha akauliza, "Lakini daktari ana hakika?"

"Hana."

"Na wewe, ungeambiwa 'huenda' enzi zako, ungeacha?"

Pumzi alitamani kudanganya mara ya pili. Akashindwa.

"Nisingeacha, mwanangu. Wala nisingemsikiliza aliyeniambia. Ndiyo maana sikuombi."

Akampokonya kichupa, akaimwaga dawa yote kwenye sinki.

Binti alishusha fulana, akafuta machozi, akatoka. Pumzi akakimbilia dirishani, hofu imemjaa. Akamwona anavuka barabara kuelekea kwa kocha. Akamwita kwa sauti yake yote, binti asigeuke. Kocha akafungua mlango kabla binti hajabisha hodi.