Kibao Chini ya Chetezo

Natamani ningeukataa ule ufunguo. Mpwa wangu Zuhura, mwalimu wa fizikia, aliniachia ufunguo wa chumba chake cha kazi hapa Bagamoyo akaenda Msata kuwapokea wageni wa serikali. Walikuja kukagua kibao alichokitengeneza kwa makumbi ya nazi yaliyochomwa, cha kukinga chombo cha angani kisiungue kinaporudi duniani. Wakiridhika, serikali ingegharamia utafiti wake.

"Mjomba, usiguse kitu."

"Unaniona mtoto, Zuhura?"

Nilipobaki peke yangu niliona aibu wageni wapokelewe kwenye chumba kinachonuka gundi. Nikawasha makaa ya chetezo, nikatia ubani mwingi. Kwa kuogopa kuchoma mkeka, nikatafuta cha kuweka chini yake. Ndani ya kitambaa cheupe nikakuta kipande cheusi, nikadhani ni taka iliyoungua.

Wageni waliingia, wakasifu harufu. Zuhura akafungua kitambaa, kitupu.

"Mjomba, kibao kiko wapi?"

Mgeni mmoja akainama, akainua chetezo; kibao kilikuwa chini yake. Mkeka haukuungua hata kidogo, nami kwa ujinga wangu nikasema, "Si mnaona kinafanya kazi?"

Hakuna aliyecheka. Ubani ulioyeyuka ulikuwa umekidondokea, hakipimiki tena, na kilikuwa kimoja tu.

Fedha zile alipewa mtafiti mwingine. Zuhura amerudi kufundisha. Kwangu haji tena, na shikamoo yake sasa naletewa na mama yake.